Umemaliza saikolojia? Anzia kwenye kupima

Wadogo zangu mliomaliza saikolojia juzi hapa Kenya, ile ofisi yenye jina lako mlangoni haiko bado. Tangu ile sheria ya 2014 ya washauri na wanasaikolojia huwezi kufanya hiyo kazi bila kusajiliwa na bodi. Lakini kazi zipo, nyingi ziko kwenye utafiti, ila hazitangazwi kwa jina la mwanasaikolojia, zinaitwa mkusanyaji data, fildi asistanti, asesa yaani mpimaji, sasa ukitafuta "mwanasaikolojia" peke yake utakaa nyumbani mpaka uchoke.

Mimi nimepima watoto huku Pwani. Kilifi kuna watafiti walitengeneza hadi kipimo cha makuzi kwa ajili ya watoto wa huku, Kilifi Developmental Inventory, manake picha na vitu vya Ulaya mtoto wa Ganze hajawahi kuviona utamhukumu vipi navyo?

Watu wanaidharau hii kazi kwa sababu kwa macho ni mkeka, vibao vya kupanga na saa ya kuhesabu sekunde. Haya kaa hapo. Mtoto ameshika kibao, mama nyuma anamwambia weka juu, weka juu mwanangu, wewe huruhusiwi kumsaidia, hata kukitupia jicho kibao sahihi huruhusiwi manake mtoto anafuata macho yako, maelekezo unayatoa neno kwa neno, na huyo mama lazima umwombe kwa adabu, "mama, leo tumwache afanye mwenyewe, hata akikosa hakuna ubaya". Akilia unasimama, unaandika kwamba alilia. Anayempima mtoto wa mwisho jioni sawasawa na wa kwanza asubuhi ndo anaitwa mradi mwingine.

Kwa hiyo CV yako itaje vipimo vyenyewe ulivyoshika, hata kama ni darasani tu, Raven ile ya kupima kufikiri kwa maumbo, PHQ-9 ile ya maswali tisa ya sonona. KoboToolbox, ile programu ya kukusanya data kwa simu, jifunze wiki hii, unaweza kuanza bure kabisa. Na lugha andika zote, Kigiriama, Kiduruma, Kidigo, nimeona mtu wa fasti klasi anaachwa anachukuliwa anayeongea na bibi kijijini bila mkalimani.

Vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalum wanakaa walimu, kama huna ualimu usipoteze muda huko. Kampuni za kupima waomba kazi wa mabenki zipo Nairobi, ni chache.

Mkataba usome. Pesa ya mfadhili ikiisha na kazi imeisha, kwa hiyo uliza ni miezi mingapi, nauli nani analipa, bima iko? Na wakikulipa kwa idadi ya fomu mimi nakwambia kataa ukiweza, manake utaanza kukimbiza watoto na majibu yatakuwa ya uongo, halafu kuna mtoto anahitaji msaada kweli na fomu yako imesema yuko sawa.

Mradi ukiisha usipotee, msimamizi wako wa fildi mjulie hali mara moja moja. Kazi zangu nyingi nimepigiwa simu kabla tangazo halijatoka.