Mipira kwa watoto wa Goma: anzeni na pampu

Dada yangu, umeuliza namna ya kufikisha Goma, mashariki mwa Kongo, mipira 40 na jezi mlizokusanya hapo Dar. Mungu awabariki kwa moyo huo. Ila msifunge mzigo kwanza.

Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ililipuka 2002 na tena 2021, na lava iliyoganda inakwaruza vibaya. Mpira laini haudumu pale. Tafuteni mipira ya raba nzito, na iende na pampu na sindano za akiba. Bila pampu, mpira ukiisha upepo mchezo umekwisha. Safirisheni ikiwa imetolewa upepo ili isijaze nafasi. Nguo za mabakamabaka kama za jeshi ziondoeni kabisa, zinaweza kumponza mtoto njiani.

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025, kwa hiyo msipange safari kwa kutegemea ndege. Tafuteni mpokeaji kwanza: parokia, shule au shirika linalolea watoto huko. Awaambie wanachohitaji, wasichana wakiwemo, na athibitishe kwamba pa kuchezea hapana mabomu yasiyolipuka. Hilo nalisisitiza, maana mtoto hukimbilia mpira popote unapodondokea.

Ikishindikana, pelekeni kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, ambayo imepokea Wakongo waliokimbia vita tangu 1996. Kibali cha kuingia kambini kiombeni mapema, Wizara ya Mambo ya Ndani.