Dogo, usilipe hiyo dola 120!

Umeuliza ikisiri inaandikwaje na programu ipi ya kupanga marejeo, halafu mwishoni kabisa ukatupia kwamba msimamizi wako amepata jarida linalochapa makala ndani ya wiki kwa dola 120. Achana na ikisiri kwanza. Hilo linanuka jarida la kitapeli, linalochapa chochote bila kuhakiki ili lile ada. USILIPE.

Mimi nililipa. Makala yangu ya kwanza ilihusu viluwiluwi vya mbu wa malaria kwenye majaruba ya mpunga, msimu mzima nachota maji kwa upawa, matope magotini. Dokta aliyenisimamia, aliyekuwa anasaka kupanda cheo, akaniambia, "Hili jarida ni la kimataifa, lina ISSN." ISSN! Ile ni namba ya utambulisho tu, hata gazeti la mapishi linapewa. Barua ya kukubaliwa ikaniita "Profesa Mashuhuri", mimi ambaye mama ntilie alikuwa ananidai. Maoni ya wahakiki: kazi nzuri, rekebisha nukta. Ikatoka imebanana na makala ya usimamizi wa hoteli, na jedwali langu la pili limekatwa, safu ya vijiji haionekani.

Kumbe hapo bado. Naomba nafasi ya uzamili, profesa anaangalia data, anasema hii ipeleke jarida la maana. Naipelekaje? Majarida ya maana hayachukui kazi iliyokwisha chapwa. Nikawaandikia wale jamaa waiondoe, wakanidai ada ya kuondoa! Nampigia Dokta: "Songa mbele, kijana." Cheo alipata, lakini.

Kwa hiyo kabla hujatuma popote, fungua toleo la mwisho, soma makala tatu kwa macho yako, si ya msimamizi. Kisha lisake kwenye DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure na yaliyokaguliwa. Linadai ada na humo halimo? Funga. Usitegemee ile orodha ya majarida ya kitapeli ya Jeffrey Beall, aliyekuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado, aliishusha mwenyewe Januari 2017, zinazozunguka sasa ni nakala za watu. Na kama shida ni hela, majarida mengi mazuri husamehe au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi zilizo kwenye Research4Life, mpango wa kuzipa nchi za kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, Tanzania ikiwemo. Ila omba wakati unatuma, ukisubiri ukubaliwe wengi wanakukatalia.

Msimamizi akinuna, msingizie mkutubi wa chuo. Hao wamezoea kulaumiwa.

Fomu ya hakimiliki umeshasaini? Kama bado, tupia jina la jarida hapa leo leo tulikague.