Maji baridi kwa kompyuta: je, friji ndogo inatosha?

SWALI: Kompyuta yangu hutoa joto la takriban wati 300. Nataka kuzungusha mpira wa maji ndani ya friji ndogo ili maji yarudi baridi kwenye prosesa. Itafaa?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Friji imeundwa kutunza ubaridi wa vitu vilivyokwisha kupoa. Ukiimiminia wati 300 mfululizo, kompresa haitapumzika, maji yatazidi kupata moto, na mwishowe itaungua.

Tumia kiyoyozi kidogo cha dirishani. Chenye BTU 5,000 kwa saa (kipimo cha nguvu ya kupoza) huondoa karibu wati 1,465. Fungua kasha, kisha ukunje taratibu koili ya ubaridi hadi izame kwenye ndoo ya lita 40. Hapo ndipo wengi huharibu: bomba la shaba likijikunja ghafla hupasuka na gesi yote hutoka. Mapezi ya koili ni alumini na bloku ya prosesa (kipande cha chuma kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji) ni shaba, kwa hiyo maji matupu yataleta kutu; changanya kulanti ya gari.

Sensa ya themostati ikae ndani ya maji, tofauti ya kuwaka na kuzima iwe nyuzi 2. Kwa lita 40, kompresa itapumzika kama dakika 18 kila inapozima.

Usishushe maji mno! Chumba chenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa umande kwenye nyuzi 24, na tone moja kwenye ubao mama linatosha kuuua. Weka 26.