Rejista imeandika utoro: namna ya kutafiti kwa nini wasichana wanakatiza masomo

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata mkoani Shinyanga na ninasoma shahada ya uzamili katika elimu. Tasnifu yangu inahusu wasichana wanaokatiza masomo kabla ya kumaliza Kidato cha Nne. Takwimu za Wizara, mwaka baada ya mwaka, zinaonesha kwamba walio wengi huacha kwa sababu ya utoro na wachache kwa sababu ya mimba, lakini kwa jinsi ninavyozifahamu familia za hapa, naona maelezo hayo hayatoshi. Nimeandaa hojaji ya kuwagawia wanafunzi 200 wa shule mbili, yenye sababu kumi za kuchagua. Je, itanipa sababu halisi? Na nikikutana na binti aliyepata mimba akiwa na miaka 15, nifanye nini na hayo atakayonieleza?

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Hojaji yako kama ilivyo haitakupa unachokitafuta, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujaichapisha. Wanafunzi 200 utakaowakuta darasani ni wale ambao hawajaacha shule. Watakueleza wanachodhani kuhusu wenzao walioondoka, na hayo ni maoni yenye thamani yake, lakini si ushahidi wa kilichowaondoa. Aidha, orodha ya sababu kumi inamlazimisha mhojiwa achague moja, ilhali msichana huondoka shuleni kwa mlolongo wa mambo yaliyochukua miezi, pengine miaka, na kila moja likilifungulia njia lingine.

Tuanze na huo utoro unaokutatiza. Mwanafunzi asipoonekana kwa muda mrefu na asipatikane wa kumtolea taarifa, shule humwondoa kwenye orodha yake na kuandika utoro. Maana yake ni kwamba safu hiyo ya takwimu inaeleza jinsi alivyotoweka, haielezi kilichomtoa. Mimba, ndoa na ugonjwa ni matukio. Utoro ni kutokuwapo kwa mtu. Ukiviweka vyote katika jedwali moja na kuvilinganisha kwa asilimia, unalinganisha vitu visivyo vya jamii moja, na hapo ndipo tasnifu nyingi za somo hili huharibikia tangu sura ya kwanza.

Kisha jiulize kilichokuwa kikifuata pale mkuu wa shule alipoandika neno mimba. Kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kuolewa, na mimba ilihesabiwa humo. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyepata mimba hatarudi shuleni. Katika mazingira hayo, familia iliyotaka binti yao asipotelewe na kila kitu, ukoo uliokwisha kuelewana na upande wa kijana, na shule isiyotaka kuitwa polisi na mahakamani, wote walikuwa na sababu za kuridhika na neno utoro. Inawezekana pia kwamba binti aliachwa kwanza afutwe kwenye orodha, ndipo ndoa ikafungwa, kwa kuwa wakati huo alionekana si mwanafunzi tena. Sikuelezi kwamba ndivyo ilivyokuwa katika shule zako. Hilo ndilo unalopaswa kulichunguza. Novemba 2021 Wizara, ikiongozwa na Profesa Joyce Ndalichako, ilitangaza kuruhusu waliokatiza masomo kurejea, wakiwamo waliojifungua, kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021. Adhabu iliyoambatana na neno mimba ikapungua. Kwa hiyo idadi ya mimba zilizoandikwa ikipanda baada ya 2021, usikimbilie kusema kwamba mimba zimeongezeka, kwani huenda kilichoongezeka ni ujasiri wa kuziandika.

Pana njia ya kujikinga: soma takwimu za shule sambamba na takwimu zilizokusanywa nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya huwauliza wanawake wenyewe, wawe shuleni au nje ya shule. Ule wa 2015-16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikwishaanza uzazi, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 22. Hata hivyo nakuomba uwe mwangalifu na namba za mkoa wako. Utaona waandishi wengi wakinukuu kwamba Shinyanga iliongoza kwa ndoa za utotoni kwa asilimia 59. Namba hiyo ni ya utafiti wa 2010 na inawahusu wanawake waliokuwa na miaka 20 hadi 24 wakati huo, yaani ndoa zilizofungwa miaka kadhaa nyuma. Isitoshe, Shinyanga ya 2010 ilijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo tangu 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu, na Bukombe iliyokwenda Geita. Ukiichukua na kuibandika juu ya kata yako ya leo, msahihishaji makini atakusimamisha hapo hapo.

Sasa namna ya kufanya. Badala ya kuanza na walioacha, anza na wote walioanza. Chukua daftari la uandikishaji la kila shule na uandike majina yote ya walioingia Kidato cha Kwanza mwaka fulani, kisha umfuate kila mmoja hadi ujue alikoishia: alifanya mtihani wa Kidato cha Nne, alihama, alikariri Kidato cha Pili, alifariki, alihamia mfumo wa elimu ya watu wazima, au hajulikani alipo. Orodha za upimaji wa Kidato cha Pili na za mtihani wa Kidato cha Nne zitakusaidia kujua ni kati ya hatua zipi mtu alipotea. Utashangaa ni wangapi waliohesabiwa kuwa watoro kumbe walihama bila barua ya uhamisho.

Kwa uteuzi wa miaka, napendekeza makundi mawili. La kwanza ni la walioingia Januari 2016, mwanzo wa elimu bila ada, wakamaliza 2019 kabla shule hazijafungwa kwa ajili ya korona na kabla ya waraka wa kurejea. La pili ni la walioingia 2022, ambao walisoma miaka yote minne chini ya waraka huo. Ukichagua kundi la 2018 au 2019 utakuta korona na mabadiliko ya sera vimewaangukia katikati, nawe hutaweza kutenganisha kipi kilifanya nini. Kundi la 2016 lina faida nyingine ambayo nitaifikia nitakapojibu swali lako la pili: leo hao ni wanawake watu wazima.

Katika kila kundi usiwahoji walioacha peke yao. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wowote. Ukizungumza na wasichana 20 walioacha na wote wakakutajia umbali wa shule na umaskini, hujathibitisha kitu, kwa sababu pengine waliomaliza nao walitembea umbali ule ule na kulala njaa ile ile. Mtafute kwa kila aliyeacha mwenzake aliyetoka kijiji kimoja naye, katika kaya inayofanana na yao, aliyefika hadi mwisho. Tofauti kati ya hao wawili ndiyo itakayokufundisha: shangazi aliyekuwa akiishi karibu na shule, mama aliyekuwa na kikundi cha kukopeshana, mwalimu mmoja wa kike aliyekwenda nyumbani kuuliza. Sera huweza kujengwa juu ya mambo kama hayo, ilhali kusema tu kwamba kuna umaskini hakumwoneshi mtu aanzie wapi.

Kabla ya kumhoji yeyote, kaa na rejista ya mahudhurio, ikiwa shule imeitunza. Wengi huinukuu jumla ya siku tu, lakini ndani yake mna mengi. Tuseme una msichana wa Kidato cha Pili. Februari amehudhuria siku zote. Machi anaanza kukosekana kila Jumatano, na Jumatano ndiyo siku ya mnada. Mtu huyo yumkini anauza kitu au anabaki na wadogo zake mama akienda kuuza. Mwingine hukosa Jumatatu na pengine Jumanne, lakini Ijumaa yupo daima. Muulize kama alikuwa amepanga chumba karibu na shule na kurudi kwao mwisho wa wiki kuchukua unga, kwa maana sekondari nyingi za kata zilijengwa bila mabweni tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa 2004. Wa tatu hukosa siku tatu au nne kila mwezi kwa mpangilio unaojirudia, na hapo ufikirie hedhi na hali ya vyoo. Wa nne alihudhuria bila pengo hadi likizo ya Juni, kisha hakuonekana tena hata siku moja. Huyo wa mwisho aliondoka kwa uamuzi uliofanywa nyumbani wakati wa likizo, na njia yake haifanani kabisa na ya wale watatu, ingawa wote wanne wataandikwa neno moja. Mipangilio hii ya mahudhurio haithibitishi chochote peke yake, ila inakupa maswali mahususi ya kwenda nayo.

Katika mahojiano, epuka kumwuliza mtu kwa nini aliacha shule. Swali hilo amekwisha kuulizwa na mtendaji wa kata, na mwalimu, na wajomba, na jibu lake lipo tayari. Anza na kalenda. Chora mstari wa miaka yake minne, weka juu yake mambo anayoyakumbuka bila shida, kama matokeo ya darasa la saba, msimu wa pamba uliokuwa mbaya, msiba, kuzaliwa kwa mdogo wake, kisha mwombe akueleze siku ya mwisho aliyovaa sare: aliamka saa ngapi, nani alikuwapo nyumbani, nani alijua kwamba kesho hatakwenda. Mwache aongee Kisukuma kama ndicho kinachomtoka, urekodi kwa ridhaa yake, na uandike maneno yake kama alivyoyasema kabla ya kuyafasiri. Kuhusu idadi, mahojiano 25 hadi 30 yaliyofanywa vizuri yanatosha tasnifu ya uzamili. Utaona umefika pale mahojiano mapya yanaporudia njia ulizokwisha kuzisikia.

Zipo njia nyingine za kuwasikia walio bado shuleni. Mpango wa Tuseme, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 na Profesa Penina Mlama na wenzake, uliwapa wasichana nafasi ya kuigiza matatizo yao na kuyajadili mbele ya shule nzima, na mambo ambayo yangekuwa magumu kutamkwa mbele ya mwalimu mwenye karatasi yaliweza kusemwa kupitia mhusika wa mchezo. Hapo hojaji yako nayo inapata mahali pake: itumie kupima umbali, kazi za nyumbani, chakula na mahali wanapoishi, na uwape wavulana pia. Wavulana nao wanaacha shule kwa wingi, na usipowahesabu hutajua ni yapi yanawapata wasichana kwa sababu ni wasichana.

Nije kwenye binti wa miaka 15. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 mimba ya umri huo inaashiria kosa la jinai hata kama mwenyewe anasema aliridhia, isipokuwa tu kama yuko katika ndoa inayotambuliwa kisheria. Sheria ya Mtoto pia inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa haki za mtoto zinapovunjwa. Kwa hiyo usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mweleze mapema, kwa maneno mepesi, kwamba jina lake halitaandikwa popote na simulizi yake haitatambulika, lakini akikueleza kwamba yuko hatarini sasa au kuna mtu anayemdhuru, utalazimika kumtafutia msaada, na utamjulisha yeye kwanza. Jua kabla ya kuanza ni nani afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na dawati la jinsia na watoto la polisi lilipo. Usimwulize ni nani aliyempa mimba. Swali lako la utafiti halihitaji jibu hilo. Pata ridhaa ya mzazi au mlezi, kisha ridhaa ya binti mwenyewe, na akisita umwache hata kama baba amekwisha kukubali.

Ndiyo maana napendelea simulizi nzito zitoke kwa wanawake wa kundi la 2016. Wao wanajiridhia wenyewe, wameyatazama yaliyowapata kwa muda, na wanaweza kukueleza pia kilichofuata, kama waliwahi kujaribu kurudi na mlango gani ulifunguka au kufungwa. Jambo moja zaidi: wewe ni mwalimu katika shule mojawapo. Kama unawafundisha wadogo zao, hawatakuwa huru kukukatalia. Ibadilishe shule hiyo, au umpate msaidizi wa utafiti, mwanamke asiyetoka kata hiyo, afanye mahojiano ya hapo.

Kuhusu vibali, barua ya chuo chako itakupeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo shuleni. Anza mapema, kwa kuwa hatua hizo hazikimbizwi. Majina uliyoyatoa kwenye daftari ni taarifa binafsi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, hivyo mpe kila mtu namba, ufungue faili ya majina peke yake yenye nywila, na uifute baada ya tasnifu kupitishwa. Usitaje kata wala shule katika maandishi yako. Ukiandika kwamba binti fulani ni mtoto wa fundi cherehani na alijifungua akiwa Kidato cha Tatu mwaka 2018, kijiji kizima kitamjua bila jina, kwa hiyo badilisha kazi ya mzazi na uache mwaka, kisha mpe msimamizi wako maelezo ya mabadiliko hayo katika sura ya mbinu.