Kabla ya Kilomita, Uliza Mbio Inaishaje

Wadogo zangu hapa Nakuru wanaotaka kuhama marathoni huniuliza kwanza: ni kilomita ngapi? Mbio yoyote inayozidi kilomita 42.195 za marathoni ni ultramarathoni, kwa hivyo jibu hilo halitakufaa sana. Uliza inaishaje, ndipo upange mazoezi.

Kuna zinazoishia kwenye utepe ulivyozoea: kilomita 50, 100, au maili 100, yaani kama kilomita 161. Comrades ya Afrika Kusini, iliyoanza 1921, hukimbiwa kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90. Muda wake ni saa 12. Zikitimia, mwamuzi huwapa wakimbiaji mgongo na kufyatua bastola. Aliyebakiza hatua tano amekosa medali.

Nyingine hazina umbali uliopangwa. Mnazunguka saa 6, 12 au 24, na mshindi ni aliyekusanya kilomita nyingi. Huku kutembea si aibu, jambo ambalo sisi tuliofundwa kung'ang'ania kundi la mbele huchelewa kulikubali. Za siku kadhaa, kama Marathon des Sables kule jangwani Moroko, ambako unabeba chakula chako mgongoni, sijazionja, nazipita.

Inayonikosesha usingizi ni Backyard Ultra. Kila saa mnaanza upya raundi ya kilomita 6.706, raundi 24 zinatimiza maili 100. Ukirudi mapema, dakika zilizobaki ni zako, ule au ulale. Saa mpya ikianza hauko mstarini, umetoka. Akibaki mmoja, lazima amalize raundi moja zaidi peke yake, la sivyo hakuna mshindi.

Tuliijaribu wenyewe kwenye barabara za vumbi upande wa Njoro, kuanzia saa 12 asubuhi. Mimi nilikuwa narudi kwa dakika 33, najilaza kwenye nyasi, najiona bingwa. Kumbe kila nilipolala miguu ilikuwa inakauka. Mama mmoja wa kundi letu alirudi kwa dakika 50 kila raundi, anatembea kila mlima, anakula kiazi kitamu akiwa amesimama. Tulimcheka raundi ya pili.

Saa 7 mchana niliitwa mstarini nikashindwa hata kuinuka. Yeye alikuwa ameshatangulia, kiazi mkononi, anaulizia chumvi.