Maswali na majibu: Bazalgette na majitaka ya milimani Mwanza

Swali (Igogo): Huyu Bazalgette anayetajwa kila yanapozungumzwa majitaka ni nani?

Joseph Bazalgette, mhandisi Mwingereza (1819–1891). Kiangazi cha 1858 mto Thames ulinuka hadi wabunge wakapitisha haraka sheria ya kuusafisha. Yeye akajenga kilomita 132 hivi za mifereji mikuu ya matofali, inayokinga majitaka kabla hayajafika mtoni. Kipindupindu cha 1866 kilishika zaidi mashariki mwa London, ambako kazi ilikuwa haijakamilika.

Swali (Mabatini): Kwa nini mifereji yake mingi ina umbo la yai?

Ncha iko chini. Usiku majitaka yakipungua hubanwa kwenye sehemu nyembamba, kasi ikabaki ya kutosha kukokota mchanga. Chini pakiwa pana, maji husambaa, hupoa mwendo, na tope hutuama. Ndiyo maana hatupendi kuona nyumba moja ikiwekewa bomba la inchi 6 “ili lisizibe”. Inchi 4 hujisafisha vizuri zaidi.

Swali (Isamilo): Tuko mlimani juu ya mawe. Fundi anasema mteremko upo, hakuna haja ya kupima. Ni kweli?

Mmwambie apime. Mlima unashuka, lakini bomba likipandishwa kidogo juu ya jiwe na kushuka tena, kabla ya jiwe hufanya tumbo, na kinyesi hukaa humo. Chukueni mpira wa maji unaoonyesha ndani, ujazeni maji, toeni mapovu yote, mpime usawa kwa maji ya ncha zake mbili, kisha mshushe bomba sentimita 2 kwa kila mita: mita 10, sentimita 20. Jengeni chemba kila kona na kila mabomba yanapokutana. Palipo na mwinuko mkali, fungeni bomba kwenye mwamba kwa zege, na PVC msiiache juani, hukauka na kupasuka. Jikoni wekeni mtego wa mafuta. Maji ya bati yasiingie kabisa: mvua moja kubwa hujaza bomba, na chemba ya jirani wa chini ndiyo inayofurika.

Swali (Kirumba): London walimwaga mtoni chini ya jiji. Sisi tukimwaga ziwani kuna ubaya gani?

Bazalgette aliyahifadhi majitaka Beckton na Crossness, kando ya Thames mashariki mwa London, akayafungulia maji yakianza kupwa ili yaende baharini. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo. Unachokimwaga mto Mirongo huishia kwenye ghuba ileile ya jiji, na chanzo cha maji cha Capri Point kiko ufukweni hapohapo. Kama mtandao wa majitaka umepita mtaani kwenu, ombeni kuunganishwa. Kama haujafika, shimo linyonywe kwa gari kabla halijajaa, wala lisifunguliwe mvua inaponyesha.