Nimeng'atwa na mbwa kazini, sasa nina homa isiyoisha: je, nina haki ya fidia?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mhudumu kwenye kliniki ya mifugo ya mtu binafsi hapa Arusha, mwaka wa pili sasa, bila mkataba wa maandishi. Miezi miwili iliyopita mbwa aliniuma mkono nikimshikilia achanjwe. Bosi alinipa hela ya kufunga kidonda, yakaishia hapo. Wiki moja baadaye nilisaidia kumtoa ng'ombe kondo la nyuma baada ya kutupa mimba, glovu zikachanika. Sasa napata homa za jioni, jasho la usiku na viungo vinauma. Nimetibiwa malaria na taifodi, sioni nafuu. Bosi anasema ugonjwa si ajali, halafu eti mimi si mwajiriwa rasmi. Nina haki gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya fidia nianze na yule mbwa, maana hujasema kama yuko hai. Mtafute mwenye mbwa leo hii umuulize. Mbwa ambaye tayari anaambukiza kichaa siku anapouma, kwa kawaida huonyesha dalili au hufa ndani ya siku 10. Kwa hiyo kama bado anabweka nyumbani kwake mzima, ondoa hofu hiyo. Kama alikufa, au hakuna anayejua alipo, nenda hospitali ukaanze chanjo. Usiseme umechelewa: chanjo huanzwa hata miezi kadhaa baada ya kuumwa, ila dalili zikishatokea hakuna tiba ya kutegemea. Wenzako nao wajue kwamba kidonda cha namna hii huoshwa kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, ndipo kifungwe.

Sasa hiyo homa. Ng'ombe katupa mimba, glovu imechanika, kisha homa za jioni na viungo: daktari wa mifugo akisikia hayo anafikiria brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Vimelea vyake hujaa kwenye kondo na majimaji ya uzazi, na mchubuko mdogo mkononi unawatosha kuingia. Dalili huchelewa, mara nyingi wiki kadhaa, ndiyo maana watu wanasahau walichokishika. Ukifika hospitali mwambie daktari wazi: "Nafanya kazi kliniki ya mifugo, nilishika kondo la ng'ombe aliyetupa mimba, tarehe fulani." Usipomwambia hivyo, ni rahisi aandike tena dawa ya malaria. Ikithibitika ni brusela, utapewa antibiotiki zaidi ya aina moja kwa takribani wiki sita, na usiziache njiani ukijisikia vizuri. Muulize pia kuhusu homa ya mgunda, kwa sababu sisi tunaogusa mkojo wa wanyama tunaipata, na dalili zinafanana.

Bosi wako amekosea mara mbili. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inahusu ajali na pia magonjwa yatokanayo na kazi. Brusela, kimeta na homa ya mgunda zimo hata kwenye orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010. Pili, mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Unachohitaji ni ushahidi kwamba unafanya kazi pale: meseji za mshahara kwenye simu, zamu zilizobandikwa ukutani, kadi za chanjo zenye mwandiko wako, wenzako watakaosema ukweli.

Anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Michango yote hutoka kwa mwajiri, wala haruhusiwi kukukata mshahara kwa ajili hiyo. Mfuko hugharamia matibabu, na usipoweza kufanya kazi kwa muda hulipa asilimia 70 ya mshahara, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu kuna hesabu yake nyingine. Asikutishe mtu kwamba glovu zilichanika kwa uzembe wako: Mfuko huu haukuwekwa kutafuta nani mwenye kosa. Tena kukupa glovu imara za kufika begani, bila kukulipisha, ni wajibu wake kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003.

Andika barua leo: tarehe ya kung'atwa, tarehe ya kondo, nani alikuwepo, homa ilianza lini. Mpe bosi nakala moja, asaini kwamba amepokea, nyingine ubaki nayo. Akishapata taarifa anatakiwa kuifikisha kwa Mfuko ndani ya siku 7. Akikataa, au kama hajasajiliwa, nenda mwenyewe ofisi ya WCF na barua yako na vyeti vya hospitali. Una miezi 12 tangu tukio. Tayari miwili imekwenda.

Kinachoniuma katika fani yetu ni kwamba kung'atwa, kupigwa teke na kujichoma sindano tumevigeuza kuwa mambo ya kawaida, hakuna anayeandika. Sindano yenye chanjo hai ya brusela inaweza kukuambukiza wewe. Tilmikosini, dawa tunayowachoma ng'ombe wenye homa ya mapafu, inaweza kuusimamisha moyo wa mtu. Mtu akijichoma na dawa kama hiyo anakimbizwa hospitali na chupa yake mkononi, na tukio linaandikwa saa hiyo hiyo. Daftari la kawaida linatosha kwa kazi hiyo: tarehe, saa, mnyama, kilichotokea, sahihi ya aliyeona. Kama kliniki yenu haina, lianzishe wewe, na mstari wa kwanza uwe wa yule mbwa.

Bosi akikufukuza kwa sababu umedai, peleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu siku aliyokuachisha.